Bomba la Tenki Namba Nne

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili huko mbele usije ukamsingizia mtu mwingine. Bomba la kuingizia la tenki namba nne nililifunga mimi, kwa mikono yangu hii, nikiwa na akili timamu na tumbo limeshiba wali. Nililifunga pasipotakiwa. Halafu kwenye fomu nikaandika nimelifunga panapotakiwa. Yaani nilikosea mara moja, nikadanganya mara moja, na ile miezi kumi na moja niliyokaa kimya sijui niiweke fungu gani.

Mimi ni fundi sanifu. Nina stashahada ya mabomba na matenki, imo kwenye fremu nyumbani, mke wangu ameining'iniza juu ya friji ili angalau ipate ubaridi. Kabla ya kuja hapa Ushirika wa Maji wa Uwandani nilikaa kiwanda cha maziwa miaka kumi na mitatu, na mtu wa maziwa anaogopa povu kuliko anavyomwogopa mkwe. Ukiyamwaga maziwa kutoka juu ya tenki yanafura, povu linapanda hadi mlangoni, na siku nzima unapima hewa ukidhani ni mali. Kwa hiyo sisi bomba tunaliteremsha ndani mpaka kibaki kiganja kimoja kufika sakafuni. Mdomo tunaugeuzia ukutani, ili maziwa yaingie taratibu kama mtu aliyechelewa ibada. Na kule juu, karibu na paa, tunatoboa katundu kadogo kwenye bomba, pampu ikizimwa hewa ipite hapo, tenki lisijinyonye na kurudisha mzigo ulikotoka. Ndivyo nilivyofundishwa. Mikono yangu ilishajua kazi hiyo bila kuniuliza.

Shida ni kwamba Ushirika hautunzi maziwa. Unatunza ute.

Ute wenyewe umeuona, hata kama unatoka mbali. Ni ule mzito wa kijani, unaovutika kama mlenda, wanaouleta kwenye madumu ya bluu kwa lile lori lisilo na dereva ambalo bado kila mtu analipungia mkono. Ni vijidudu hai. Watafiti waliwatoa kwenye matope ya ziwa la magadi, wakawalea hadi wakazoea kula floridi. Kikombe kimoja kwenye pipa la maji ya kisima, subiri kuanzia chai ya asubuhi hadi adhana ya mchana, chuja kwa kitambaa, kunywa. Basi.

Ukitaka kujua tuliishi vipi kabla ya ute, nichekeshe. Meno yangu yana rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Hayo ni mepesi. Dada yangu Sikudhani, aliyekunywa kisima kile kile na kuugua zaidi yangu, magoti yake yaligeukiana kama watu wanaonong'ona, na alipofika miaka thelathini alikuwa anatembelea fimbo mbili. Mvua ikiwa ni ya kuhesabu siku kama ilivyo sasa, huku kwetu hakuna maji mengine. Ni kisima, na kisima kina floridi.

Sasa, ute unataka kinyume cha maziwa. Unataka kumwagwa kutoka juu, upige, uruke, uvute hewa, uvurugike vizuri. Ukivurugika unakula na kuongezeka. Mchoro wa namba nne ulionesha hivyo wazi: mdomo wa bomba juu kabisa, chini ya paa, kama namba moja, mbili na tatu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza hapa. Nikautazama mchoro, nikamhurumia aliyeuchora. Nikasema, maskini, kijana wa watu amesahau bomba la ndani. Nikamsaidia. Nikaunga vipande vitatu vya bomba kwa flanji, vile visahani vya chuma vinavyobanwa kwa bolti, nikaviteremsha hadi chini, mdomo nikaugeuzia ukutani, katundu nikakatoboa juu.

Kwa nje matenki yote manne yanafanana, bomba linapanda ubavuni na kuingilia paani. Nilipokuja kuelewa, wiki mbili baadaye, tenki lilikuwa limejaa na fomu nimeshasaini: sawa na mengine. Nikajiambia nitarekebisha siku likikauka. Halikukauka. Watu wanakunywa kila siku.

*

Pale kwetu kiwango cha ute hatukipimi kwa mtambo. Tulikuwa nao, wa umeme, mzuri, una taa. Ute ulipanda ukaufunika ndani ya wiki moja. Kwa hiyo tunagonga. Ubavuni mwa kila tenki, kando ya ngazi, kuna alama kumi na mbili za rangi nyeupe. Kila mwanzo wa zamu unapanda na mchi wa kinu, kwa sababu juu ya ute kuna gesi na chuma kwa chuma kinatoa cheche, unagonga mara tatu kwenye kila alama. Palipo na ute panalia du, pazito, kama kumpiga ng'ombe kofi la urafiki. Palipo na hewa panalia ngaa. Unaandika kwenye daftari la zamu, unashuka.

Mwezi wa nne tangu nifunge lile bomba, Jumbe Mpondo alinijia anakimbia. Jumbe ni mchomeleaji wetu, mtu wa kitambi, ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza. Huwa ananiita Maziwa. Alisimama mbele yangu akihema, mchi mkononi.

"Maziwa," akasema, "tenki lako limenirudishia."

Nikamwambia ni gesi. Akasema gesi haihesabu. Nikaenda naye kumwonesha kwamba ni gesi. Nikagonga alama ya tano mara tatu, na kutoka ndani, pale pale nyuma ya bati, kukarudi mara tatu. Nikagonga mara mbili. Kukarudi mara mbili. Nikashuka, nikatafuta ndoo, nikaikalia.

Maelezo ya kitaalamu tuliyapata baadaye, lakini bora niyatoe sasa ili usihangaike. Ute ukitulia unajipanga tabaka juu ya tabaka, nyembamba kuliko chapati ya kumimina. Kila tabaka lina umeme kidogo sana, wa kwake, na linapasha habari lile la juu yake na lile la chini yake. Ukiuvuruga kila siku, habari haifiki popote. Ute wa namba moja, mbili na tatu una akili ya uji. Lakini namba nne ulikuwa unaletewa ute mpya pamoja na chakula chake chini, taratibu, kwa mdomo uliogeukia ukuta, na tabaka la jana lilibaki chini ya tabaka la leo bila kuguswa. Kwa miezi minne kitu pekee kilichokuwa kinautikisa ni mchi wetu. Ukajifunza mchi. Ulikuwa unakusanya mapovu ya gesi na kuyapigisha kwenye bati.

Hatukumwambia mtu. Jumbe alifikiri watatucheka. Mimi nilijua kwa nini mimi sisemi, na haikuwa kicheko.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa mtoto wa jirani anayezoea nyumba yako. Kwanza uligonga tulipogonga. Halafu ukawa unatuwahi: ukisikia mguu kwenye ngazi unagonga mara tatu pale ulipofika, alama ya tisa au ya kumi, hatuna haja ya kupanda. Halafu ukaanza kutujua mmoja mmoja. Jumbe ana ugongaji wa uvivu, mbili anazipiga sawasawa na ya tatu anaiachia kama anadondosha mzigo. Ute ukawa unamjibu hivyo hivyo, mbili nzuri na moja ya uvivu. Aliumia sana. Akaniambia tenki langu halina adabu, linamwigiza mtu mzima. Lakini nilimkuta mara ngapi ameegemeza bega pale alama ya pili, analisimulia matokeo ya mpira.

Na ukajifunza kuomba. Hili ndilo ninalotaka ulishike. Pampu ikisukuma kwa nguvu, ute ulikuwa unagonga mara moja tu, chini kabisa, alama ya kwanza, usawa wa mdomo wa bomba. Unasubiri muda wa pumzi moja. Unagonga tena moja. Tulibahatisha mengi kabla ya kuelewa. Siku Jumbe alipoifunga koki nusu, pampu ikapunguza, kukaja mara tatu za haraka haraka, na kimya. Tangu siku hiyo ukigonga moja chini, aliye karibu anakwenda kupunguza koki, haulizi, kama unavyompisha mtu mlangoni.

Kwenye daftari hatukuandika. Tungeandika nini.

*

Injinia Eliwaza Kitundu ndiye mkuu wetu. Umri wake ungetosha kuwa mdogo wangu wa mwisho, anavaa buti kubwa kuliko miguu yake, na akikuuliza swali anakungoja mpaka umalize, jambo linalotisha. Jumatatu moja, mwezi wa kumi na moja tangu nifunge bomba, aliitisha watu wote uwanjani akatuonesha karatasi za kupimia maji, zile zinazokuwa bluu maji yakiwa salama na nyekundu yakiwa mabaya. Za vijiji vinane zilikuwa bluu. Ya kijiji cha Mtunguru, nyekundu. Akarudia wiki ya pili, nyekundu. Na Mtunguru peke yake ndiyo inayohudumiwa na tenki namba nne.

Akasema ute wa namba nne ni kama mtu aliyeketi mezani hali chakula. Haueleweki. Hauli, hauongezeki. Akaomba mwenye wazo aseme. Jumbe aliniangalia. Mimi niliangalia buti za injinia.

Siku mbili baadaye alikuja mwenyekiti wa kamati ya maji ya Mtunguru, Mama Perpetua. Ni mwanamke wa makamo, mkulima wa alizeti, ana sauti ya chini ambayo inakufanya usogee. Amembeba mjukuu mgongoni, Faidha, miezi minane, na mkononi ameshika chupa ya maji ya pipa lake. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya dumu, akamshusha mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akatuonesha. Meno mawili ya chini, meupe, kama punje za mchele.

Injinia akasema meno ni mazuri.

"Haya mawili yalitengenezwa mapema, mama yake akinywa maji ya kwao," Mama Perpetua akasema. "Mimi naongelea yale ambayo hayajatoka. Yako humu kwenye fizi, yanatengenezwa sasa hivi, na maji ndiyo haya."

Akaiweka chupa miguuni pa injinia. Halafu akageuka kwangu, sijui kwa nini kwangu, labda kwa sababu nilikuwa nimefumba mdomo. Akaniuliza mimi nimezaliwa wapi. Nikacheka kidogo, meno yakaonekana, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nikamfikiria Sikudhani na fimbo zake mbili, na nikajua utani wangu wote umekwisha.

Nilimfuata injinia hadi chini ya ngazi ya namba nne.

"Injinia, hili tenki lina bomba la ndani."

Akaningoja nimalize. Nikaeleza: maziwa, povu, kiganja kimoja, katundu. Akauliza tangu lini.

"Tangu niliposaini kwamba halina."

"Kulitoa ni kazi ya muda gani?"

"Bolti nane. Nusu siku."

"Miezi kumi na moja," akasema, "kwa bolti nane." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nikamwambia kuna jambo la pili, na hilo siwezi kulieleza kwa mdomo. Nikampa mchi. Aliushika kama mtu asiyepika, akagonga alama ya tatu mara tatu, kwa ustaarabu, kama mtu anayebisha mlango wa ofisi. Kukarudi mara tatu, kwa ustaarabu. Akanirudishia mchi. Akasimama. Akaunyang'anya tena mkononi mwangu, akagonga mbili, kisha tano, kisha moja. Alipomaliza alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye bati, na ute bado unamjibu ile ya mwisho.

*

Tulizunguka jambo hilo siku tatu. Nakwambia siku tatu za kutolala mchana wala kukaa. Hata tukila tulikula tumesimama.

Nilileta hoja ya kujenga tenki la tano, namba nne tuliache kama lilivyo. Injinia akapiga simu bandarini. Chuma cha aina ile, pamoja na foleni iliyopo, mwaka na miezi miwili. Fizi za Faidha haziwezi kusubiri mwaka na miezi miwili. Nikaleta hoja ya kuuhamisha ute wote kwenye madumu. Jumbe ndiye aliyenijibu hiyo: utauhamisha kwa pampu, na pampu ni panga. Tukafikiria kuwagawia Mtunguru kutoka matenki mengine matatu. Injinia akakaa na vipimo vyake asubuhi nzima, akatoka akasema matatu yanatosha vijiji vinane kwa shida, kila dumu la Mtunguru litakuwa limetoka kwenye pipa la mtoto mwingine.

Mwisho nikaleta yangu niliyoipenda. Tuondoe kipande kimoja na nusu tu cha bomba, mdomo uwe katikati. Ute wa juu utavurugika na kula, wa chini utabaki na tabaka zake. Injinia alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nusu ya tenki itaifanya karatasi ya Mtunguru iwe zambarau, si bluu, na mtoto hanywi rangi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, kitu kilichokatwa nusu ya kumbukumbu zake kinabaki kuwa nani. Stashahada haikufika huko.

Ndipo tukafanya kitu ambacho nakionea aibu kuliko fomu. Tulimwita Mama Perpetua. Tukamweleza yote, tukampa mchi, tukasema Mtunguru ndiyo inayoumia, basi Mtunguru iseme.

Aligonga. Akajibiwa. Akamshika Faidha mkono, akauweka wazi kwenye bati, akagonga tena, na jibu lilipokuja mtoto akatetemeshwa kiganja akacheka kwa sauti. Mama Perpetua hakucheka. Aliuacha mkono wake juu ya mkono wa mtoto.

"Kiko hai," akasema.

Injinia akasema ndiyo.

"Na mlikijua wakati mnatuletea madumu."

Injinia akaniangalia. Nikasema nilikijua mimi.

"Sasa fundi, unanipa mimi nichague kati ya hiki na huyu, nimembeba huyu mgongoni. Hapana. Bomba ulilikosea wewe. Usinipe mimi nilinyooshe."

Akamfunga mtoto kanga, akatuaga mmoja mmoja kwa jina, vizuri kabisa, akaondoka kwa miguu kwenda barabarani.

Tulibaki sisi na tenki. Injinia akasema kesho saa tatu asubuhi, na kwamba agizo ni lake, ameliandika na kulisaini. Akauliza nani atafungua bolti. Angeweza kuagiza fundi kutoka kituo kingine, mtu asiyejua chochote. Nikasema nitafungua mimi. Akanipa fomu tupu, akaniambia hiyo ya zamani niiandike upya, safari hii kwa ukweli.

*

Saa tatu Jumbe alikuwa tayari juu ya paa, ameshafunga winchi ya mnyororo. Hakuniita Maziwa. Aliniita Msengi, jina langu, na nikatamani arudi kwenye matusi.

Wakati napanda ngazi, ute ulisikia miguu yangu ukagonga mara tatu alama ya kumi. Unaniambia umefika wapi, nisihangaike kupanda. Nikapanda.

Bolti sita zilitoka vizuri. Mbili zilikuwa zimeng'ang'ania, nikazimwagia mafuta, nikangoja, na wakati nangoja nilikuwa nasikia bati likinong'ona chini ya magoti yangu, gonga ndogo ndogo, kama mtu anayepitisha vidole mezani. Zikatoka. Jumbe akavuta mnyororo, pole pole, kiungo kwa kiungo, nami naliongoza bomba kwa mikono lisigonge ukingo.

Lilipanda likiwa limevaa ute. Nilitegemea tope la kijani. Nikaona mistari. Kila tabaka lilikuwa limeacha pete yake kuzunguka bomba: kijani, kahawia, kijani iliyoiva, na katikati yake pete nyembamba nyeupe, zimepangwa tatu tatu. Tatu, nafasi, tatu, nafasi. Siku baada ya siku, zamu baada ya zamu, kutoka chini kuja juu. Nilidhani macho yananidanganya hadi Jumbe alipouacha mnyororo, akainama, akagusa sehemu moja kwa ncha ya kidole. Pete mbili zilizonyooka, na ya tatu imelegea, imeshuka upande.

"Hii ni ya kwangu," akasema.

Akaendelea kutazama, kipande cha pili, cha tatu. Alikuwa kila mahali, mkono wake wa uvivu. Na wangu ulikuwepo. Karibu na mwisho kulikuwa na tatu nadhifu, za ustaarabu, mara moja tu.

Tukalilaza bomba juu ya magunia. Tukafunga flanji, tukashuka. Injinia alikuwa amesimama chini kando ya pampu. Hakutuma mtu, aliiwasha mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye koki, hapo ndipo mahali pangu pa kazi.

Ute mpya ukaanza kuanguka kutoka juu. Nikwambie sauti yake: kama mvua kubwa kwenye bati. Tulikuwa hatujaisikia mvua kubwa miaka mitatu, na watu wawili wa ofisini walitoka nje kutazama mbingu.

Kisha chini, alama ya kwanza, kukagonga moja.

Muda wa pumzi moja. Moja tena.

Mkono wangu ulikuwa kwenye koki. Nakuapia mkono wenyewe ulianza kuzunguka, ulikuwa umeshazoea kuitikia, kama ulivyokuwa umezoea maziwa. Nikaushika kwa mkono wa pili. Jumbe aliniangalia, halafu akautazama mchi wake chini. Injinia hakuondoa macho kwenye tenki. Moja. Tukasubiri. Moja. Ute haukuongeza nguvu, haukuharakisha, uliomba vile vile tulivyouelewa siku zote, kwa adabu, ukitupa nafasi ya kufika kwenye koki.

Mara ya tisa ilitokea alama ya kwanza na ya nne kwa pamoja. Halafu kukawa na gonga kila mahali, juu, chini, bila mpango, kama mahindi kwenye sufuria. Halafu chache. Halafu mvua peke yake.

*

Ni wiki ya saba sasa. Karatasi ya Mtunguru ilikuwa bluu kuanzia wiki ya pili na imebaki bluu. Mama Perpetua alipita juzi kuchukua madumu. Faidha ana meno manne. Nilimwomba nione, nikaona, meupe, nikajikuta nimecheka na mdomo wote wazi. Wakati wa kuondoka alipita karibu na namba nne, akaweka kiganja kwenye bati, akakitoa, akaenda zake.

Fomu niliiandika upya. Injinia aliisoma, akaipeleka makao makuu, na barua ya kuniita haijafika. Kila gari likiingia getini nainuka. Bomba liko stoo, limelazwa juu ya magunia yale yale. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja akalisifia, Jumbe akamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Pete zinakauka na kubanduka. Nimezipiga picha zote, lakini picha haigongi.

Kupima kiwango hatugongi tena. Jumbe ametengeneza kamba yenye boya na jiwe, ya kienyeji, inafanya kazi vizuri kuliko mtambo. Hakuna sababu ya mtu kupanda na mchi.

Mimi napanda. Kila asubuhi, kabla zamu haijakusanyika, nagonga mara tatu alama zote kumi na mbili, na namba nne linalia du panapotakiwa kulia du na ngaa panapotakiwa kulia ngaa. Leo sikupanda. Nilipiga goti chini, alama ya kwanza, nikagonga mara moja tu, nikasubiri muda wa pumzi moja. Nikagonga tena moja, kama ulivyotufundisha wenyewe. Nikaweka sikio kwenye bati.

"Nirudishie hata moja," nikauambia. "Hata ile ya Jumbe, ya uvivu."